Kamba ya Njano

Mwanasheria aliweka ufunguo mezani, ukiwa umefungwa kamba ya njano ya kiatu. Ndio aliofungulia mlango shemeji yake Nabintu, mdogo wa mumewe, akamkaba koo jikoni, naye Nabintu akampiga kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo.

"Kaka yangu wa Louisville alisema mwenye anakuingilia nyumbani unamupiga tu, hakuna kesi," Nabintu akasema.

"Hiyo ni Kentucky. Hapa Columbus, Ohio, unaweza kushtakiwa hata kama ulijitetea. Na mwenye kupewa ufunguo hahesabiwi mvamizi. Ulimpa wewe?"

"Hapana!" Nabintu alimgeukia mumewe aliyeketi kando yake.

"Bon, ni yeye alimupa mdogo wangu," mume akasema. "Mimi sikujua kitu."

Nabintu akainamisha macho. Buti moja la mumewe lilikuwa na kamba ya njano. Lile lisilo na kamba alikuwa akilivuta polepole chini ya kiti.