Mama wa Gunzi

Siku hiyo Nasra alirudi mapema makusudi. Alivua viatu nje, akavishika mkononi, akanyata hadi nyuma ya pazia bila kubisha hodi. Aliapa kumfumania yaya, Dafroza. Kanga ya Nasra ilikuwa imekatwa kipande, na mtoto wake, Shani, alikuwa ameanza kumwita yaya mama.

Mkekani palikuwa na nyumba ya boksi na wanasesere wa magunzi ya mahindi. Mmoja alivaa kipande kile cha kanga.

Damu ikamchemka Nasra. Mwizi wa kanga, mwizi wa mwana!

Dafroza akamshika mwanasesere wa kanga, akagonga boksi. "Hodi wenyewe!"

"Nani?" aliuliza Shani.

"Mama. Nimetoka kazini."

"Mwongo wewe! Mama harudi jua likiwaka. Anarudi nimelala."

"Leo kawahi, bibi wee. Mnuse kanga uone kama si yeye."

Shani akainusa. "Atakaa?"

"Mfungulie, umuulize mwenyewe."

Mtoto akausukuma mlango wa boksi kwa kidole, ukafunguka nusu. Gunzi likabaki limesimama kizingitini.

Nyuma ya pazia, Nasra alisimama na viatu mkononi, bado hajabisha hodi.