Msiba wa Kicheche

Wanyama walipokuwa bado wanatibiana, palikuwa na banda la majeruhi porini. Kakakuona, asiyependa ugomvi, alipanga zamu za waganga sawasawa: leo Korongo, kesho Digidigi, keshokutwa Kicheche.

Lakini kila zamu ya Kicheche ilipofika, Kicheche alifiwa. Alifiwa na shangazi, akafiwa na mjomba, na kila mara Korongo, mwepesi wa huruma, alimshikia zamu.

Asubuhi moja Kicheche akaja analia. "Bibi amefariki."

"Si tulimlilia wakati wa masika?" Kakakuona akauliza.

"Yule mzaa mama. Huyu mzaa baba."

"Pole sana, ndugu yangu," Korongo akasema. "Wewe tangulia."

Kicheche akatangulia, ila si msibani. Alikwenda kuiba mayai ya kanga kichakani, na humo nyoka akamgonga. Akajikokota hadi bandani, mguu umevimba kama boga.

"Korongo yuko wapi? Nimegongwa na nyoka!"

"Hayupo," Kakakuona akajibu.

"Digidigi je?"

"Naye hayupo. Walisema ni aibu uzike peke yako kila siku. Wamebeba unga na kuni, wamekwenda kwenu kuhani."

"Basi nitibu wewe!"

"Mimi napanga zamu tu. Na ya leo ni yako."

Kicheche akalala chini, macho kwenye njia ya kwao. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaomba uongo wake ugundulike upesi.