Tangazo la Chiriku

Palikuwa na Chiriku mwenye ulimi mtamu, aliyetamani sifa ya utunzi wa matangazo. Akamwendea Kasuku, bingwa wa kazi hiyo, amweleze siri yake.

"Ukisifu kitu, usikichunguze," Kasuku alimwambia. "Ukishakijua, maneno hayaji."

Chiriku akaushika ushauri huo. Nguchiro alipofungua nyumba ya kulelea makinda, Chiriku aliitangaza msitu mzima bila kuingia ndani. Ndege wakamiminika na watoto wao.

Siku moja alirudi akakuta kiota kitupu.

"Baba watoto, wanangu wako wapi?"

"Nimewapeleka kwa Nguchiro, mke wangu. Tangazo lako lilinitoa machozi."

Chiriku aliruka kama kichaa. Mlangoni akamkuta Nguchiro akijifuta mdomo.

"Karibu, dada," Nguchiro alisema. "Kesho nitungie jingine."