Bonge la Klorini

Sikitu hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwa mhandisi Kigono akiwa na glavu mikononi, akaweka bonge la klorini juu ya barua ambayo Kigono alikuwa ameiandika kumfukuza kazi. Lilikuwa jeupe, gumu kama jiwe, lenye umbo la faneli.

"Hii ndiyo dawa ya maji ya mji mzima," alisema. "Imegandia kwenye mashine ya kupimia uliyoibuni wewe. Nimeitoa kwa nyundo."

"Dada Sikitu, mashine tuliijaribu. Ilipima gramu kwa gramu."

"Mliijaribia wapi?"

Kigono alitazama kiyoyozi. "Humu."

"Kwa klorini?"

"Kwa unga wa ngano."

"Unga wa ngano!" Sauti yake ilifika mpaka korido. "Kule kwenye tangi kuta zinatoka jasho! Nilikwambia uiwekee mfuniko, ukasema nimezoea kijiko. Miaka kumi na moja nimepima kwa kijiko, hakuna mtoto aliyeharishwa na maji yangu. Ukaninyang'anya kijiko. Sasa wodi imejaa, halafu mzembe ni mimi?"

"Barua imeshapigwa mhuri," Kigono alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi tena..."

"Basi likae hapo hapo."

Alivua glavu, akazitupa mezani, akatoka na kuuacha mlango wazi. Joto la nje lenye unyevu likaingia. Bonge likaanza kulowa, harufu yake ikamchoma Kigono machoni. Alipolisukuma kwa rula, mhuri wa zambarau ulikuwa umeshapauka, na sahihi yake mwenyewe ilikuwa inaondoka, herufi moja moja.