Uzito wa Nyimbo

Simu ya fundi redio ililazwa juu ya mizani ya sonara kama mtoto mchanga kliniki. Watu watatu waliinama juu yake: fundi mwenyewe, mkewe, na mama mkwe aliyevaa miwani yake ya kusomea Biblia. Sonara aliwaomba wasiipumulie.

"Gramu mia na tisini na mbili," alisoma. "Ikiwa tupu, haina hata wimbo mmoja."

Mama mkwe ndiye aliyeyaanza yote. Alidai kwamba tangu alipojaziwa nyimbo za injili kwenye simu yake, mfuko wa gauni unavuta upande mmoja. Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akamweleza kwamba wimbo ndani ya simu si kitu cha kushikika, ni mpangilio tu, kama swichi zinazowashwa na kuzimwa. Taa ikiwaka, nyumba haiongezeki uzito. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza: kama hakuna kitu kilichoingia, mbona simu inasema imejaa?

Fundi hakulipenda swali hilo.

Ubishi ulikula wiki nzima, wakiwa mezani, wakiwa mlangoni, hata wakati wa kuombea chakula, mpaka wakawekeana sharti. Nyimbo zikionekana hazina uzito, mama mkwe ataacha kuimba alfajiri chini ya dirisha la mkwewe. Zikiwa nao, fundi ataingia kwaya na kuhudhuria mazoezi kila Jumamosi, mwaka mzima. Kwaya ilikuwa na upungufu wa sauti nzito. Mama mkwe ndiye aliyeshona zile tepe za bluu wanazobandika waimbaji kifuani, na utepe wa fundi alikuwa ameshaushona kitambo, naye akawa anaukwepa. Jumamosi, alisema, ni siku yake ya kutazama mpira na kupumzisha akili.

Kutazama tu. Mwaka uliopita alikuwa akitazama na kubeti, mpaka redio ya mteja ikawekwa rehani. Ilibidi aape mbele ya mchungaji, mkono juu ya Biblia. Mkewe naye akaapa palepale kwamba tiketi moja tu ya kubeti ikionekana tena, anafunga mizigo na kurudi kwao. Tangu hapo nyumba ilikuwa na amani, na Mungu akashukuriwa.

Basi baada ya kupima, fundi alikwenda dukani kujaza nyimbo. Alichelewa kidogo, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Mama mkwe akaomba asikilize wimbo mmoja chumbani kwake, ahakikishe kweli zimeingia. Fundi akamwachia simu, akaenda kuoga. Hakuwa na wasiwasi. Mama mkwe ni mtu wa kushika simu kichwa chini, na akitaka kuizima huifunika kwa mto.

Alasiri wakarudi kwa sonara. Aliiweka simu juu ya mizani, akaitoa, akafuta sahani kwa kitambaa, akaiweka tena.

"Mia na tisini na tano."

Mama mkwe alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Fundi alisema mizani imeharibika. Sonara akavua pete yake ya ndoa, akaipima, akamwonyesha: haikuzidi wala kupungua. Fundi akasema basi ni vumbi. Sonara akamwuliza vumbi la gramu tatu amelilalia wapi.

"Nyimbo hazina uzito," fundi alishikilia. "Hiyo ni sayansi. Kitu hakizidi uzito mpaka kiongezewe kitu kingine."

"Kitu gani?" mkewe aliuliza.

Fundi aliitupia jicho simu pale mizanini.

"Si uvue hilo kava, Baba Watoto, tuone kama kuna kilichoingia," mkewe aliendelea. "Unapima tena, unamshinda mama, yaishe."

Sonara alinyoosha mkono, lakini fundi alikuwa ameshaichukua simu na kuikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alimtazama mkewe. Akamtazama mama mkwe, aliyekuwa akifuta miwani taratibu, hana habari na mtu.

"Hakuna haja," alisema. "Nimekosea, mama. Nyimbo zina uzito."

Mkewe hakuamini masikio yake. Mtu aliyebishana wiki nzima mpaka chakula kikapoa, leo anasalimu amri kwa gramu tatu? Akamwuliza, na zile swichi je?

"Sayansi inaendelea, mke wangu. Kila siku wanagundua jambo."

Mama mkwe alimwambia hakuna aibu katika kukiri, na kwamba Jumamosi wanaanza saa tisa kamili.

Fundi aliomba wamsubiri kidogo. Alizunguka nyuma ya duka, akaegemea ukuta, akachokonoa kava kwa ukucha, aitoe ile tiketi ya kubeti mechi za Jumamosi aliyoificha humo, aitafune na kuimeza kabla mtu hajamfuata.

Tiketi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na utepe wa bluu, umekunjwa vizuri, pamoja na pini yake.