Bi Chura Alivyomgeuza Fundi Ngiri

Sogeeni niwape ya Bi Chura na mayai yake.

Alikuwa ametaga bwawani, na bwawa lenyewe lilijazwa na mtaro wa mvua. Juu ya mtaro, Ngiri, fundi wa bustani, alikuwa akimchimbia Twiga shimo la maua. Huyu Ngiri akichimba hurusha udongo nyuma, wala hatazami unaangukia wapi. Basi udongo na mbolea vikarundikana ukingoni mwa mtaro, na mawingu yameshatanda.

"Fundi, mvua ikija tope hilo litawafukia wanangu!"

"Bibi wee, kazi yangu kuchimba. Mambo ya mtaro kaulize mtaro."

Bi Chura alijua Ngiri anavyojipenda. Akacheka. "Haya baba. Ila wapita njia wa huku mtaroni wanaona makalio yako tu. Sura hiyo, na meno yale, unawaficha nini?"

"Kweli eh?"

Ngiri akageuka upesi, akaelekeza uso mtaroni. Akaendelea kuchimba kwa maringo, akaliparura lile rundo lote lililokuwa mbele yake, akalirusha nyuma, ng'ambo ya shimo. Mvua ikashuka. Udongo ukaporomoka, ukaishia shimoni, mtaroni yakapita maji meupe.

Ngiri akachungulia shimo limejaa tope, akajitosa mzimamzima.

"Aa, Bi Chura! Raha hii ulinificha?"

"Ningekuambia ungegeuka?"

Wakacheka mpaka machozi. Bwawani viluwiluwi vikatoka vikicheza mikia. Twiga ndiye aliyengoja maua yake wiki nzima, maana fundi hakutaka kutoka shimoni.