Mkono Uliopendeza Pichani

Daktari alibonyeza kidole gumba kwenye mkono wa mama fundi cherehani, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Tazameni skrini," aliwaambia wanafunzi wake. "Dawa ya picha tuliyomchoma vidoleni imekwama kiwikoni, haipandi. Mkono umependeza kweli!"

Tangu mama huyo alipokatwa titi lenye saratani, mkono ulikuwa ukivimba tu, na cherehani yake imelala bila kazi.

"Mbona hajafungwa bandeji ya kubana?" mwanafunzi mmoja aliuliza. "Si zimejaa kabatini?"

"Tukimfunga, uvimbe utashuka, na utafiti wangu utakwenda na maji. Bado picha moja." Alisema hayo akimumunya peremende, kana kwamba aliyelala pale hana masikio.

Miezi yote hiyo alikuwa akimwambia mgonjwa kwamba bandeji zimekwisha.

Harufu ya peremende ile ilimchefua mama kuliko dawa zote alizowahi kumeza.

"Mama, usitikisike," daktari alimwonya.

Mama aliuvuta mkono wake kutoka chini ya kamera, akamnyooshea mwanafunzi aliyeuliza.

"Nifunge, mwanangu. Hapa hapa, mbele yake."